Zohali Hayupo Mwezi Huu

4 Februari

Chiriku mwanangu,

Marahaba ya salamu zako zote, na zile ulizosahau kuandika nazo nimezipokea.

Mzigo umefika salama. Mtu wa posta aliuweka mlangoni taratibu, akarudi nyuma, akanitazama kana kwamba nitatoa bunduki humo ndani. Nimefungua nikakuta darubini, miguu yake mitatu, na karatasi ya maelezo iliyoandikwa na mtu asiyetaka kueleweka. Nimekaa nayo sebuleni siku nzima kama mgeni ambaye hajasema amekuja kufanya nini.

Umeniuliza tena kwa nini sipokei simu. Mwanangu, nimekaa kwenye ubao wa simu maisha yangu yote ya kazi, nikiunganisha waliokuwa wakichumbiana, wakigombana na wakipeana habari za msiba. Masikio yangu yamestaafu pamoja nami. Andika. Barua inasubiri mpaka mtu amalize chai yake.

Sasa nieleze jambo. Juu ya bomba kumefungwa kidarubini kingine, kidogo kama kidole gumba cha mtu mnene. Karatasi inasema ndicho cha kutafutia, kwamba utafute kwanza kwa hicho kidogo ndipo uchungulie kwenye hiyo kubwa. Nimekichungulia. Nimeona tangi la maji la shule limening'inia kichwa chini miguu juu, kama popo. Ndivyo kilivyo, au kimeharibika njiani?

Usijali lakini. Nimezoea mabosi wa kila aina, sitashindwa na kidude hiki.

Shangazi yako


11 Februari

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Hakijaharibika. Nimeuliza, wanasema vile vidogo vingi vinapindua picha, na mtu huzoea. Ukiona vigumu, anza na mwezi. Mwezi hata ukikosea unauona.

Huku mimi mzima. Wiki hii hapa karakana ya meno ya bandia nimechonga meno ya nta mpaka naota magego. Bosi ameanza kunipa kazi za mbele, yale meno ambayo mtu akicheka ndiyo yanaonekana, na hizo hampi kila mtu. Jana alilishika moja kwenye mwanga, akaligeuza geuza, akasema "mm." Kwa bosi huyu "mm" ni sherehe.

Shangazi, unakumbuka siku uliyostaafu? Ulivua viatu mlangoni ukasema, "Nimeongea na dunia nzima na sijaiona." Neno hilo halijanitoka. Ndiyo maana nikakuletea darubini badala ya kitenge.

Kwa hiyo niambie, umeona nini? Nasikia Zohali ana pete kweli kweli, siyo za kwenye picha tu. Ukimpata uniandikie siku hiyo hiyo. Wenzangu hapa karakana wananiuliza kila asubuhi, "Shangazi ameona nini?" Usiniangushe.

Chiriku wako


24 Februari

Chiriku mwanangu,

Nimemwona! Nimemwona Zohali mwenyewe, kama ninavyokuona wewe ukija mlangoni.

Ni mdogo kuliko nilivyofikiri, lakini amejipamba. Rangi yake ni ya asali iliyochanganywa na maziwa, na pete zake zimelala mshazari, kama mtu aliyevaa kofia pana akainamisha kichwa kidogo kuwasalimu watu. Kuna mstari mweusi unaozigawa zile pete. Nimemtazama mpaka chai ikapoa. Nikasema, kumbe ulikuwepo huko siku zote na mimi niko kwenye ubao wa simu nasema "subiri nikuunganishe"!

Waambie wenzako wa karakana kwamba shangazi hajaanguka wala hajamwangusha mtu.

Mimi mzima kabisa. Mwandiko ukiuona umelala, ni meza hii, imelegea mguu. Nitamwambia Fundi hapo jirani aipigilie.

Usije ukajichosha kutafuta likizo. Kazi yako kwanza.

Shangazi yako


5 Machi

Mzee Fundi, shikamoo.

Natumaini barua hii imekufikia mkononi mwako na si kwa Shangazi. Ni mimi, mtoto wa kaka yake, yule uliyemtengenezea kiti kirefu ili afikie meza ya chakula.

Nakuomba unisaidie jambo. Shangazi ameniandikia kwamba amemwona Zohali kwa darubini, na ameieleza ile nyota vizuri sana, na pete zake, na rangi yake. Nilifurahi nikaisoma barua kwa sauti mbele ya wenzangu, hadi bosi akaacha kusaga. Jumamosi nikaenda duka la miwani na darubini, nimtafutie kioo kingine cha kukuzia. Yule mama muuzaji akaniuliza Shangazi anaangalia nini siku hizi. Nikamjibu kwa kujidai, "Zohali." Akaniangalia juu ya miwani yake.

"Zohali hayupo mwezi huu, mwanangu. Amepita upande wa jua. Mimi mwenyewe simwoni."

"Labda huko kwetu anaonekana," nikasema.

"Jua la kwenu na la hapa ni moja," akasema, kwa upole, kama anayemwambia mtu kwamba ameketi kwenye rangi mbichi.

Mzee wangu, sikukasirika. Niliogopa. Shangazi ndiye aliyenirudisha dukani nikiwa mdogo kwa sababu nilisema sikuonja sukari na midomo ilikuwa inang'aa. Hajawahi kunidanganya hata siku ya kuchomwa sindano. Kama ameweza kubuni sayari nzima, anaficha nini?

Nenda kamwone, kisha niandikie ukweli. Nakuomba kama mzazi.

Chiriku


12 Machi

Binti,

Marahaba. Sina mazoea ya kuandika, utanivumilia.

Sikuwa na haja ya kwenda kumwona. Namwona kila siku. Niliahidi nisiseme, na sasa nasema, kwa hiyo ukija kunisikia nimefokewa utajua sababu.

Shangazi yako alianguka bafuni, wiki ile ile baada ya darubini kufika. Aliteleza asubuhi. Mimi nilikuja mchana kuazima ngazi, nikabisha, nikasikia sauti chini chini inasema "mlango hauna komeo, ingia, lakini usinitazame." Nilimfunika shuka nikaita gari. Mfupa haukuvunjika, Mungu mkubwa, ila shingo imeumia. Amevalishwa kola ngumu toka kidevuni hadi mabegani. Haruhusiwi kuinama wala kugeuza kichwa. Mara nyingi analala chali, na barua zako anakujibu akiwa amelala.

Kuhusu darubini. Kile kidogo cha kutafutia kinataka jicho lako ulibandike nyuma yake kabisa. Bomba likielekea juu, jicho linatakiwa liwe chini, ndiyo kusema uchuchumae na ukunje shingo. Yeye hawezi. Ile kubwa ina kipande kilichopinda cha kuchungulia, haina shida hiyo, lakini bila kile kidogo huipati nyota. Alijaribu jioni moja nikiwa nimemshika kiwiko. Hakupata kitu, hata mwezi. Akaketi, akalia. Mimi nikajifanya natafuta skrubu iliyoanguka.

Hakutaka ujue kwa sababu moja tu. Alisema, "Akisikia, ataacha kazi aje, na kule ndiko ameanza kupewa meno ya mbele."

Ndiyo hivyo.

Fundi wa jirani


18 Machi

Mzee Fundi, shikamoo na asante. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikamaliza nimekaa.

Nimemwandikia bosi barua ya kuacha kazi na kuiweka mezani kwake. Yuko safari, akirudi ataikuta. Mwisho wa Aprili nitakuwa nyumbani, na sitarudi tena huku. Usimwambie Shangazi. Nataka anione mlangoni kabla hajapata nafasi ya kubisha.

Kuna mzigo mdogo nimemtumia yeye. Akiupokea, tafadhali msaidie kufunga.

Chiriku


18 Machi

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Nafurahi kwamba u mzima.

Nimekutumia zawadi ndogo. Yule mama wa duka la darubini anasema kile kidarubini kinachopindua dunia kinawachosha wengi, na wapo wanaoiacha darubini nzima kwa sababu yake. Badala yake watu hutumia kilengeo cha nukta nyekundu. Alinipangia vya aina tatu juu ya meza. Kimoja kina dirisha pana na miduara ndani yake, kizuri, lakini kizito kwa bomba lako, lingeinama lenyewe. Kingine ni chembamba mno, lazima mtu abandike shavu kwenye bomba ndipo aone. Nikamwambia ni cha mtu mwenye miwani, asiyependa kuinama. Akanipa hiki, chenye shingo ndefu kidogo, kinachosimama juu ya bomba.

Hakikuzi kitu, usije ukasema nimetapeliwa. Ni kipande cha kioo na kitaa ndani yake. Unakaa nyuma, kiasi cha mkono mmoja, miwani yako usoni na macho yote mawili wazi, unaangalia anga kama unavyoangalia barabara. Utaona nukta nyekundu kana kwamba imebandikwa huko mbinguni. Sogeza bomba mpaka nukta ikae juu ya nyota unayoitaka. Basi. Nyota hiyo imo ndani ya darubini.

Ila lazima vipatane kwanza, kilengeo na darubini, na hilo hufanywa mchana. Elekezeni darubini kwenye tangi la maji la shule mpaka ncha yake iwe katikati, msiguse tena bomba, kisha zungusha skrubu ndogo za kilengeo mpaka nukta ikae kwenye ncha hiyo hiyo. Kwenye jua msielekeze hata kwa mzaha, jicho halina fundi. Usiku ukiingia, punguza mwanga wa nukta mpaka uonekane kwa shida, maana ikiwa kali inaimeza nyota. Ukimaliza uizime, betri yake ni ndogo kama kifungo cha shati.

Anza na kitu kilicho chini, karibu na mapaa ya nyumba. Hakuna haraka ya kutazama juu.

Chiriku wako


30 Machi

Chiriku,

Leo sikuiti mwanangu mpaka nimalize.

Fundi amenieleza yote. Alikuja jana, akakaa, akasimama, akakaa tena, akasema, "Dada, mimi natengeneza makabati, sina kabati la siri za watu wawili." Kwa hiyo najua unajua, na najua ulikuwa unajua ulipoandika "nafurahi kwamba u mzima." Na mimi nikaisoma sentensi hiyo nikajipongeza!

Kwanza, Zohali. Uliniuliza nimeona nini, na wenzako wananisubiri, na mimi nimelala chali naangalia dari yenye doa la mvua. Boksi la darubini lilikuwa juu ya kabati, na picha yake ubavuni. Nikaandika nilichokiona kwenye boksi. Rangi ya asali ilikuwa ya kwangu, iliyobaki ni ya kiwandani. Kumbe hata hakuwepo! Nimecheka mpaka kola ikanibana, na kucheka huko kumeniuma.

Pili, na hili halichekeshi. Umeandika barua ya kuacha kazi? Kaichukue. Sikuombi, nakuagiza. Mama yako alipofariki nilikuchukua ukiwa na kisanduku kimoja na kikohozi. Sikukuchukua ili siku moja uje unibebe. Nilikuchukua ili uende. Kila jioni niliyokukalia kwenye hesabu zako, nilikuwa nakusindikiza.

Unajua nilichoogopa pale sakafuni? Kufa sikukufikiria, kulikuwa na baridi mno ya kufikiria. Niliogopa kwamba atakayenikuta atakuandikia wewe.

Kwa hiyo kuja kuishi, nakukataza. Kuja kunitazama, nimekuruhusu.

Na hicho kidude chako hakiwaki. Fundi amezungusha swichi mpaka kidole kimepata moto. Nukta hakuna.

Shangazi


4 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Ndani ya kilengeo, pale betri ilipo, kuna kikaratasi cha plastiki kinachozuia umeme usitoke njiani. Kivuteni. Nilisahau kusema, na mama wa duka alinikumbusha mara mbili.

Barua ya kuacha kazi nimeichukua. Bosi alikuwa hajaifungua. Nilimwambia nimekosea bahasha, akasema "mm," na safari hii haikuwa sherehe, nadhani alijua. Nimeomba likizo badala yake. Nitakuja mwisho wa mwezi, nitakaa wiki mbili, na nitarudi kazini. Umeshinda hilo.

Lakini na mimi nina langu, na usinikatize.

Unasema ulinidanganya ili niende. Shangazi, nimeshakwenda. Nipo mbali, na huku nilipo sikuoni ukitembea wala sisikii ukikohoa. Simu hupokei. Nilicho nacho kwako ni karatasi hizi. Nilipotoka pale dukani nilizitoa zote kwenye droo nikazisoma tena, moja moja, nikijiuliza ipi ya kweli. Hata ile ya siku nilipofaulu mtihani, uliyosema ulicheza peke yako jikoni. Nilikaa nayo nikawaza, alicheza kweli? Hilo ndilo lililonifanya niandike barua kwa bosi, zaidi ya shingo. Kama siwezi kuuamini mwandiko wako, sina shangazi huku, nina bahasha tu.

Ukiumwa, niandikie unaumwa. Sitakuja mbio kila mara. Nitaumia, nitalala, asubuhi nitaenda kuchonga meno. Nimekuwa mtu mzima, ulinilea vizuri, sasa niache niyajue mambo yako na niyabebe.

Wewe umenikataza kuja kuishi. Mimi nakukataza kuniandikia vya kwenye boksi.

Mwanao


12 Aprili

Chiriku mwanangu,

Nimesoma barua yako nikaiweka chini ya mto. Kesho yake nikaisoma tena. Umenishika, na sikuwa nimezoea kushikwa na mtu niliyemfunga kamba za viatu. Jikoni nilicheza. Hiyo ilikuwa kweli, na sufuria likaungua.

Plastiki tuliivuta. Nukta ikawaka, nyekundu, ndogo. Fundi akaguna akasema kitu kuhusu watu wa mjini na vikaratasi vyao.

Mchana tulihangaika na tangi la shule. Mimi nilikaa kwenye kiti, kichwa kimesimama kama cha askari wa gwaride, nikiangalia ndani ya darubini na kumwambia "kushoto, kushoto, umepita, rudi," na yeye anazungusha skrubu. Tulikosana mara mbili. Mara ya kwanza kushoto kwangu hakukuwa kushoto kwake. Mara ya pili aliegemea bomba. Mwishowe ncha ya tangi na ile nukta vikakaa mahali pamoja. Bado nilikuwa nalazimika kujinyoosha kidogo, basi Fundi akachonga kigogo cha mbao akakifunga chini ya kilengeo, kikainuka. Tukarudia upya kupatanisha, na safari hiyo haikuchukua muda.

Jua lilipozama tulitoka uani. Magharibi, juu kidogo ya mapaa, kulikuwa na mwezi mwembamba kama ukucha uliokatwa, na chini yake kinyota kinachong'aa bila kumetameta. Fundi alikuwa amemuuliza mwalimu wa shule, akasema huyo ni sayari, Mshtarii. Kwanza sikuiona nukta. Nilikuwa nimefumba jicho moja kwa mazoea, na taa ilikuwa kali mno. Nikafumbua yote mawili, nikapunguza mwanga, nikakaa nyuma kama ulivyosema. Ikaonekana, inaelea peke yake kwenye anga, haina waya wala mkono. Nikasogeza bomba polepole. Nukta ikatambaa, ikapita paa la jirani, ikapita antena, ikamgusa. Sikuinama, mwanangu. Sikuinama hata kidogo.

Kisha nikachungulia kwenye darubini, na alikuwemo.

Sasa nisikilize vizuri, nakuandikia kama ninavyotoa taarifa zamu ya usiku. Niliona duara dogo, jeupe lenye unjano kidogo. Lilikuwa linatetemeka, kama kitu kilicho chini ya maji. Mistari wanayosema anayo sikuiona. Pembeni mwake niliona vinukta vitatu, ndiyo miezi yake, vimepangana mstari mmoja, viwili upande huu, kimoja upande ule. Fundi anasema viko vinne. Inawezekana viko vinne. Mimi niliona vitatu, nakuandikia vitatu. Halikuwa jambo kubwa kama la kwenye boksi. Hata hivyo sikutaka kuondoka, na ikabidi Fundi aniletee shuka.

Baadaye kidogo akazama nyuma ya nyumba, tukaingia ndani.

Habari nyingine. Fundi ameweka mshikio wa mbao bafuni, na bado naogopa kuingia humo. Naoga mlango ukiwa haujafungwa na redio ikiwa inaongea. Jana usiku nililala vibaya, leo asubuhi mkono wa kushoto una ganzi kwenye vidole viwili. Nimekwenda hospitali tena siku ya Jumatano. Daktari alizigeuza picha kwenye mwanga, akaniambia shingo huenda isirudi kama ilivyokuwa.

Nilifika hapo nikataka kuiruka sentensi hiyo. Nimeweka kalamu chini, nimekunywa maji, nimeishika tena, na nimeiacha ilivyo.

Shangazi yako